Kisu Kimoja cha Nchi Nzima

Gogo, yaani mama yake baba, alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote pale kwetu Chepsaita. Alishika hindi, akafungua mstari wa kwanza kwa msumari, kisha kidole gumba kikafanya kazi, na kabla hujapepesa jicho gunzi tupu liko kando. Kila Desemba, mahindi yakishakauka stoo, tulitandika turubai uani tukalizunguka: Gogo, mama, baba mdogo siku ambazo hakuwa na kazi ya serikali, na mimi. Nafasi yangu ilikuwa kwenye ncha ya ngozi ya kondoo aliyokalia Gogo. Mimi ndiye niliyekuwa msimulizi wa nyumba ile, na msimulizi hukaa karibu na anayesikiliza. Nilisimulia za sungura, za fisi, na nyingine nilizozitoa kwenye vitabu vya shule nikazibadilisha mikia. Gogo alipukuchua kwa kasi nikisimulia, nami niliamini ni maneno yangu yanayomtia nguvu.

Naliweka wazi hilo mapema, ili mtu asije akasema nilimchukia binamu yangu bure. Nilikuwa na kitu, akakichukua.

Alikuwa binti ya shangazi, umri wangu kabisa. Shangazi aliuza makaa Huruma, kule mjini Eldoret, na nilipokuwa darasa la sita alimleta kwetu likizo nzima ili anywe maziwa anenepe. Alikuja na viatu vya plastiki na mdomo. Siku ya kwanza mahindi yalimtoa malengelenge kwenye vidole, na mimi nikalala usingizi mzuri. Siku ya pili mama, ambaye hakujua analoanzisha, akamwambia mgeni atupe habari za mjini.

"Za town hazina maana," akasema binamu. "Niwaambie za nchi ingine?"

Akaanza. Ilikuwa nchi ya kinamasi, kinamasi mpaka macho yachoke, na ng'ombe wa huko walikuwa na miguu mirefu kama mikaratusi. Watu walijenga nyumba za matete juu ya migongo yao wakahamahama nazo, moshi wa jikoni ukiwafuata nyuma. Mfalme wao alikuwa akitawala tangu enzi za babu za babu zao, na asubuhi alipiga kelele kutoka mgongo wa fahali mkubwa kuwaamkia raia wake. Hakukuwa na sungura hata mmoja. Nilimtazama Gogo nikitegemea acheke, maana ng'ombe gani anabeba nyumba? Gogo hakucheka. Kidole gumba chake kilikuwa kimesimama katikati ya hindi.

Sijawahi kuona kidole kile kikisimama kwa ajili yangu. Nilikuwa na wivu, sitafuti neno lingine, wivu wa kuuma meno. Kufikia mwisho wa wiki Gogo alikuwa akimwita, "Njoo hapa, nisikie vizuri," na yule akaja akakaa kwenye ncha ya ngozi. Yangu. Mimi nikasukumwa upande wa pili wa turubai, penye vumbi la makapi.

Basi nikaanza kutafuta shimo kwenye nchi ile. Kwa kawaida sikuwa mtu wa kufikiri sana, lakini wivu ulinifundisha kufikiri. Nikaliona, na shimo lilikuwa kubwa. Nikangoja siku baba mdogo atakapokuwepo.

Baba mdogo alikuwa naibu wa chifu. Beji yake ya chama hakuivua hata akipukuchua mahindi, na hangeweza kunywa chai bila kutaja maendeleo. Miaka ile watu walijua kupima maneno. Redio ikianza habari kwa kutuambia mtukufu Rais ameamkia wapi, uani kwetu hata kuku walinyamaza. Neno mfalme lilikuwa neno la kushikwa kwa vidole viwili, na mimi nilijua hivyo nilipouliza.

"Huyo mfalme ametawala miaka yote hiyo," nikasema, "na watu wake hawana hata baiskeli. Kwani ni yeye amewakataza?"

Mama akakohoa. Baba mdogo akainua kichwa polepole.

"Hata mimi nimekuwa nikishangaa," akasema. "Hiyo ni nchi gani haina maendeleo?"

Binamu alinitazama mimi, si yeye. Hakuwa mjinga. Aliona vizuri shimo, na aliona ni nani amelichimba.

"Mfalme hana shida," akasema. "Mfalme anataka maendeleo sana, kila siku anahubiri. Shida ni kuni."

"Kuni?"

"Si nimesema ni kinamasi yote? Hakuna mti hata moja. Kama hakuna mti, hakuna makaa. Kama hakuna makaa, hakuna chuma. Ankel, hujaona wale mafundi wa jua kali pale kwetu? Makaa ya mama ikiisha wanakaa chini. Nyundo wako nayo, mikono wako nayo, lakini wanakaa tu. Sasa hao watu wa kinamasi wanachoma nini? Nyasi. Nyasi itaiva chungu, itaiva ugali. Chuma itaicheka."

Baba mdogo alifikiri, kisha akarudia mahindi yake. "Sasa hiyo ina maana," akasema. "Hapo serikali haina makosa."

Gogo akapiga goti lake kwa furaha. Mimi nilitaka turubai lifunguke linimeze.

Sikukoma. Nikauliza kesho yake kuhusu kinyesi cha ng'ombe, maana ng'ombe wakubwa vile lazima wana mavi ya kutosha kuyeyusha reli. Akasema yanaloa kinamasini kabla hayajakauka, na yale machache ya kukauka yanachemsha chai. Nikauliza, kama hawana chuma, wanakata kitovu cha mtoto kwa kitu gani? Nilidhani nimemmaliza. Gogo naye alikuwa mkunga, nusu ya watu wa kilima kile walipita mikononi mwake, na nilimwona akigeuka kusikiliza kwa masikio yote.

"Wana kisu moja," binamu akasema, akitunga huku akisema, nilimwona kabisa akitunga. "Moja, nchi nzima. Chuma ilianguka kutoka juu, usiku, ikiwaka. Wakainoa."

"Kwa moto gani?"

"Hakuna moto. Wameisugua na vigae vya vyungu. Babu akasugua akakufa, mtoto wake akasugua, mjukuu ndiye aliona makali."

"Si wangekata na jiwe tu?"

Hapo alikwama. Nami nikaanza kutabasamu. Ndipo Gogo akajibu kwa niaba yake, bila hata kuniangalia.

"Umewahi kuona jiwe kwa kinamasi?" akasema. "Mtoto, endelea. Hicho kisu kinabebwa na nani?"

Kuanzia siku hiyo hadithi ikawa na msichana. Alibeba kile kisu mgongoni, kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, nyumba hadi nyumba, popote mwanamke aliposhikwa na uchungu. Ikafika zamu ya mwanamke mmoja wa mbali, kule ambako matete yanafunika hata miguu ya ng'ombe, na mtoto alikuwa njiani, na msichana anakimbia, maji kiunoni, kisu mdomoni. Mama alikuwa akisahau kuweka chai. Baba mdogo alianza kupata nafasi hata siku za baraza. Na mimi nilikuwa nikiyasikia haya yote nikijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua wala kulitaja: kisu kile kilizaliwa na swali langu. Bila mimi asingekuwa na kitu ila ng'ombe warefu. Lakini nani humshukuru mtu anayeuliza?

Mahindi yakaisha kabla msichana hajafika. Shule zikafunguliwa, binamu akarudi Huruma.

Mwaka uliofuata hakuja. Shangazi alikuwa amejifungua, akamhitaji amlelee mtoto. Nilipopata habari hizo nilitoka nyuma ya nyumba nikarukaruka. Kisha nikarudi nikakaa kwenye ncha ya ngozi, nikaanza nchi yangu mwenyewe, niliyoitengeneza mwaka mzima darasani badala ya kusikiliza hesabu.

Nchi yangu haikuwa na shida ya kuni. Kila nyumba ilikuwa na ndege yake uani. Trekta zililima zenyewe, taa ziliwaka bila mafuta ya taa, ng'ombe walikamwa na mashine iliyowaimbia. Watoto walizaliwa ndani ya hospitali inayoruka. Niliweka kila kitu, sikubakiza shimo la mtu kuuliza. Baba mdogo alisifu sana, akasema hivyo ndivyo taifa linavyotakiwa kuwa.

Gogo alipukuchua mahindi. Gunzi baada ya gunzi, kasi ileile, rundo likipanda kando yake. Siku moja akaniuliza, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Hao watu wako wana kila kitu. Sasa wakiamka asubuhi wanaamkia nini?"

Nikasema wanaamkia kupanda ndege. Akaitikia kwa kichwa, akachukua hindi lingine.

Mwaka wa tatu baba mdogo alileta mashine ya kupukuchua. Aliikodi pamoja na trekta, ikaingia uani ikinguruma, na watu wa jirani wakaja kuiangalia. Ilikula gunia ikatema punje huku na magunzi kule. Kazi iliyotutia malengelenge likizo nzima ilikuwa imekaribia kwisha kabla ya chakula cha mchana. Baba mdogo alisimama kando yake kama aliyeizaa. Mimi pia nilifurahi, kwa sababu zangu. Bila mahindi hakuna turubai, na bila turubai hakuna wa kuitwa kutoka Huruma.

Kisha wakataka gunia la mwisho, na Gogo alikuwa amelikalia.

"Mama, simama kidogo tuweke hilo," baba mdogo akamwambia kwa sauti kubwa, kushinda trekta.

"Hili si la mashine."

"Mama, ni dakika moja tu!"

"Nimesikia. Zima hiyo kitu yako, inaniumiza masikio."

Akaizima, naibu wa chifu mzima, mbele ya majirani. Gogo akaniita. Nilidhani ananiita nikae nisimulie.

"Kesho enda mjini," akaniambia. "Umlete yule mtoto amalizie ya kisu."

Nilimkuta Huruma, kwenye bomba la maji la ploti yao, akifua nepi, mtoto mgongoni. Mafundi wa jua kali walikuwa wakigonga mabati upande wa pili kiasi kwamba tulizungumza kwa kupayuka. Alikuwa amerefuka. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwenye mistari, vya makaa, na hata hivyo alinikumbatia kwa furaha, jambo ambalo sikulipenda.

"Gogo anakuita," nikasema.

"Sasa hivi? Si tulisikia mlileta mashine? Mahindi si imeisha?"

"Imeisha. Imebaki gunia moja."

"Ya nini?"

Ningeweza kusema ni ya mbegu. Ningeweza kusema chochote, na mpaka leo sijui kwa nini nilisema ukweli, labda kwa sababu ulikuwa umenikaa kooni tangu jana na nilitaka kuutema.

"Yako," nikasema. "Amekataa iguswe."

Aliendelea kufua nepi ileile iliyokwisha kutakata, kisha akaingia ndani kumwomba mama yake ruhusa.

Turubai likatandikwa kama zamani. Binamu akakaa kwenye ncha ya ngozi, mimi upande wa pili, gunia katikati. Akaanza pale alipoachia, kana kwamba miaka miwili ilikuwa ni kwenda kunywa maji tu: msichana, matete, maji kiunoni, kisu mdomoni. Sauti ya yule mwanamke sasa ilisikika. Nilijua hadithi yenyewe haikuwa ndefu tena. Nilijua pia kwamba gunia likiisha ataondoka, na nikashika kazi. Nilipukuchua kwa hasira, nikavuja damu kwenye kucha, nikatupa magunzi bila kuyaangalia. Mashine ya baba mdogo ingenionea aibu.

Ndipo nikamwona Gogo. Mkono ule mwepesi kuliko wote Chepsaita ulikuwa na hindi moja, hilohilo tangu tulipokaa. Alitoa punje. Akaiangusha. Akasikiliza. Akatoa punje nyingine.

Niliongeza kasi. Nikaingiza mkono guniani nikatoka na mahindi mawili kwa mpigo. Gogo, bila kumwondolea macho binamu yangu, alinyoosha mkono akanipokonya yote mawili, akayarudisha guniani.