Mlinzi wa Makabati Mawili

Tsofa Munga alikata mawe katika machimbo ya Mwakirunge kwa sehemu kubwa ya utu uzima wake, hata daktari akamwonya kwamba kifua chake hakitastahimili vumbi tena. Kazi aliyoipata baadaye ilikuwa ya kukaa kitini: kulinda ua mdogo nyuma ya ofisi ya chifu, wenye makabati mawili ya mitambo ya mtandao wa data wa taifa.

Serikali iliigawa kandarasi ya mtandao huo kwa kampuni mbili zinazoshindana, kila moja na kabati lake, ili isitegemee moja tu. Kabati la kijani liliuleta mtandao kutoka mjini. La kijivu liliusambaza katika ofisi za pale. Kampuni ya kijani ilimwajiri Tsofa, ikampa kofia. Ya kijivu ilimkuta pale, ikamwajiri pia, ikampa koti. Zote mbili zilimpa agizo lile lile: watu wa kampuni ya pili wasiguse kabati letu.

Asubuhi moja mtandao ulikatika. Watu waliokuja kuandikisha vitambulisho wakajiinamia barazani. Akaja Lenox, fundi wa kijani, akasema kosa liko katika kijivu. Akaja Judy, fundi wa kijivu, akasema kinyume chake. Kila mmoja alitaka kulipekua kabati la mwenzake.

"Mzee, usimfungulie huyu," alisema Lenox. "Wewe ni mtu wetu."

"Wenu tangu lini?" alidakia Judy. "Hilo koti ni letu."

"Na kofia je?"

"Kofia na ikae kichwani pake. Mikono yako ndiyo ikae mbali."

Tsofa akafunga lango, wote wawili wakabaki nje. Walipowapigia simu wakubwa wao, kila mkubwa aliamuru mlinzi amfungulie fundi wake au aende zake. Kwenda zake, kwa Tsofa, kulikuwa kurudi machimboni.

"Sikizeni, wanangu," alisema. "Kule kwenye mawe, makundi mawili yakichimba ukuta mmoja, kila kundi hutoa mtu akakae upande wa pili. Hutazama tu, hashiki kitu. Judy atafungua lake, Lenox atazame, mikono nyuma. Kisha mtabadilishana."

"Kama paredi ya shule," alinung'unika Lenox, lakini aliiweka mikono nyuma.

Makabati yote mawili yalikuwa mazima. Kilichochomoka ni waya mfupi uliounganisha moja na jingine, ambao haukutajwa katika sehemu ya kandarasi ya kampuni yoyote. Hakuna fundi aliyethubutu kuushika, kwa kuwa atakayeushika atakuwa ameukubali kuwa wa kampuni yake.

"Mzee," alisema Judy taratibu, "urudishe wewe."

"Ni nani anayeniagiza?"

"Sisi sote," alisema Lenox.

Tsofa akausukuma waya mahali pake. Taa zikawaka, na karani akamwita mtu wa kwanza barazani.

Juma lililofuata wasimamizi walikuja kuuliza ni nani aliyemruhusu mlinzi kugusa mitambo. Judy alikiri. Lenox alisema hakumbuki. Kampuni ya kijani ikamwachisha Tsofa kazi. Ya kijivu ikambakiza. Mshahara wake ulipungua nusu, lakini machimboni hakurudi.

Kampuni ya kijani ikamleta mlinzi wake, Kafedha, mama wa makamo kutoka Jomvu Kuu. Alitua kiti chake, akamwamkia Tsofa kwa adabu, kisha akasema:

"Baba, nimeambiwa nisikuache ulikaribie hili la kijani."

"Nami nimeambiwa vivyo hivyo juu yako na la kijivu."

"Haya, hilo limekwisha. Umekunywa chai?"

"Bado."

Kafedha akafungua chupa yake.