Mpima Hewa na Tanuri la Mdogo Wake

Ofisini walimwita Bibi Chujio, naye akazoea kuitika. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake katika wakala wa hewa wa mkoa ilikuwa ileile. Kila Jumatatu alipanda juu ya mapaa yaliyowekwa mashine za kupimia hewa, akatoa chujio la wiki iliyopita, akatia jipya, na la zamani akalirudisha maabara likapimwe uzito. Chujio lenyewe ni kiduara cheupe, kama kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka. Pampu huvuta hewa wiki nzima, vumbi na masizi yakabaki juu yake. Likirudi jeusi, watu wa pale wamevuta moshi. Hata mtoto angeelewa.

Kilichomchosha ni ngazi. Magoti yalikuwa yameanza kulia, na kifua nacho kilikuwa na kikohozi kikavu ambacho daktari alikiita cha kazi, kisha akamwambia apumzike, kana kwamba mapumziko yanauzwa dukani.

Kituo alichokipanda kwa moyo mzito kuliko vyote kilikuwa juu ya zahanati, mkabala na matanuri ya matofali. Tanuri la tatu kutoka barabarani lilikuwa la mdogo wake wa kiume, yule aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemwogesha, akamfunga kamba za viatu, akamsainia karatasi za shule. Siku hizi mdogo mtu alikuwa baba wa watoto wanne, na matofali yake aliyachoma kwa tairi kuukuu na oili chafu ya magari. Kuni zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Tairi zilikuwa zimejaa kila gereji.

Mwaka ule wakala ulikuwa umewapa wenye matanuri miezi sita waache tairi. Namba za vumbi na masizi kwenye kituo cha zahanati zisiposhuka, matanuri yote yangefungwa. Mtaa mzima ulijua mashine iko paa gani.

Jumatatu moja, mwezi wa tano wa ile sita, Bibi Chujio alifungua mashine akakuta chujio jeupe pe. Alilishika kwa kibanio, akaligeuza kwenye mwanga. Hakuna hata doa. Akatazama matanuri: moshi ulikuwa unapanda mweusi kama kawaida, na kamba ya shuka za zahanati kule chini ilikuwa na madoa ya masizi.

Akashuka, akamuuliza nesi kama kuna mtu aliyepanda juu.

"Si mdogo wako?" nesi akajibu. "Jumatatu iliyopita, ulipoondoka tu, alikuja na mfuko wa nailoni, akasema umemtuma afunike mdomo wa mashine, mvua isiingie. Leo asubuhi, kabla hujafika, akaja kuutoa. Nikasema, huyu dada ana bahati ya ndugu."

"Ana bahati kweli," alisema Bibi Chujio, akakaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka muuguzi mwingine akamuuliza kama ana namba ya foleni.

Ofisini, mkuu wa kitengo aliiona namba kabla hajaambiwa chochote. Alikuwa kijana mpole mwenye ripoti ya kupeleka kwa wakubwa Ijumaa, na uso wake uling'aa.

"Mama, hii ni habari njema! Kampeni ya kuacha tairi imezaa matunda."

"Mashine ilifunikwa."

"Una uhakika? Maana mvua ilinyesha. Mvua husafisha hewa."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Angetikisa kichwa tu, mvua ingebeba lawama, matanuri yangepona, na yeye angeenda nyumbani mapema. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata uongo ulionekana kama kiti cha kukalia.

"Ilifunikwa na mdogo wangu," alisema. "Wiki hii ifute. Haina jibu."

Jioni ileile alikwenda kwenye tanuri. Hakutaka mdogo wake asikie kwa watu wengine. Alimkuta anapanga matofali mabichi, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko.

"Karibu, dada. Wifi yako yuko ndani."

"Nimekuja kwako. Nimewaambia."

Alielewa papo hapo. Aliweka tofali chini taratibu.

"Umewaambia kwamba ni mimi?"

"Ulitumia jina langu kupanda pale."

"Watu kumi na wawili wanafanya kazi hapa, dada. Kumi na wawili! Nimefunika kijibomba, sijaua mtu."

"Nenda zahanati asubuhi ukahesabu watoto waliobebwa kwa ajili ya vifua. Wako wa mwisho amekwenda mara ngapi mwaka huu?"

Mdogo mtu alichukua tofali jingine. Dada akangoja, akaona hapewi hata kigoda, akaondoka.

Tanuri la mdogo wake lilifungwa wiki ile, mengine yakafuata miezi sita ilipoisha. Bibi Chujio mwenyewe aliondolewa kituo cha zahanati mpaka uchunguzi ukamilike, akapewa kuosha vyupa maabara. Mdogo wake hakumpigia simu. Kwenye mazishi ya shangazi yao walisimama pande mbili za kaburi. Alipompa mkono, mdogo mtu alipokea kama anavyopokea mgeni.

Miezi minne baadaye wakala ulileta fundi wa kujenga matanuri marefu yenye bomba la moshi, yanayochoma maranda ya mbao. Mdogo wake alikuwa wa mwisho kukubali. Bibi Chujio akarudishwa zahanati.

Jumatatu ya sita tangu arudi, alipokuwa anashuka ngazi ya chuma, alimkuta wifi yake chini, kitoto kimelala begani.

"Wifi, nimetumwa," alisema, akicheka kidogo kwa aibu. "Anauliza namba imeshuka?"

"Mwenyewe hana mdomo?"

"Anao, ila bado umevimba. Utapona."

Bibi Chujio alifungua kiboksi akamwonyesha chujio. Lilikuwa la kijivu.

"Mwambie imeshuka, karibu nusu. Mwambie pia bado imepita kiwango. Malori ya barabarani hayajaguswa na mtu."

"Nusu tu? Na shida yote ile?"

"Nusu tu."

Wifi alikitazama kile kiduara kwa muda, kisha akamhamishia mtoto bega la pili. Mtoto alikohoa mara moja, akaendelea kulala.

"Jumapili njoo ule kwetu," alisema. "Yeye usimjali, atanuna hapo kwenye kiti."

"Nitakuja," alisema Bibi Chujio. Alifunga kiboksi, akapaka magoti dawa ya kuchua, na kwenda kusubiri gari la ofisi, maana vilikuwa vimebaki vituo vitatu.