Kitambaa Miguuni pa Mama Mwenye Kulia

Kifurushi kutoka Louisville kilifika hapa Buffalo siku ya theluji, na kabla sijamaliza kukibandua pua yangu ilikwisha kujua kilichomo. Kitenge cha Mama. Kile cha buluu chenye ndege wa manjano, kinachonuka sabuni na kwa mbali, msinicheke, moshi wa mshumaa. Kimefuliwa kwa mashine miaka yote hii, moshi utatoka wapi? Mume wangu angesema ni pua yangu tu. Lakini mume wangu yuko Columbus, anapanga maboksi ghalani na kulala kwa kaka yake huko Whitehall, nyumbani anarudi mara mojamoja. Wa kubishana naye nimebaki na mtoto wangu mchanga, naye hajui lolote ila kunyonya. Mama alikituma ili nimbebee huyo mtoto.

Nilikikumbatia kikiwa bado kimekunjwa, na ule moshi ukanirudisha nilipokuwa na miaka minane.

Kwetu Goma, Baba alikuwa mtu wa chukudu, lile baiskeli la mbao lisilo na pedeli, linalobeba viazi, makaa, hata kabati la bibi harusi. Fundo lake lilijulikana mtaa mzima. Akifunga mzigo haulegei hata uteremke mlima wote, na kuufungua ilibidi umwite mwenyewe. Mama alimgombeza kila siku, kwa sababu mwanaume yule alifunga hata kifuko cha chumvi namna hiyohiyo, na mboga zikaliwa hivihivi bila chumvi.

Vita vilitutupa mbali, tukajikuta Brazil, katika jiji la São Paulo. Kutoka pale watu walikuwa wakipanda kaskazini kwa nchi kavu, na sisi hatukuweza kuondoka wote kwa pamoja. Baba akatangulia na wanaume wenzake. Asubuhi ya kuondoka alivaa shati lake la kitenge, lililoshonwa kwa kitambaa kilekile cha Mama, akatupa maagizo.

"Bon, Mama Furaha, sikiya. Simu wanaiba. Kanisa, nani ataiba? Kila muji kule iko na uwanja, na kwa uwanja iko kanisa kubwa ya zamani, ya wakati ya Wahispania. Mutaingia. Mutatafuta sanamu ya mama ya Yesu, ule mama mwenye kulia. Nitapasua shati, nitafunga kitambaa pale. Mukikiona, mujue niko mbele."

Basi ndivyo mimi, mtoto wa kanisa la kilokole lisilo na hata picha ukutani, nilivyoingia makanisa makubwa ya Kikatoliki ya Amerika Kusini, moja baada ya jingine. Mama aliogopa jamani! Alinikataza kupiga goti, akanikataza kugusa maji ya mlangoni. Yeye mwenyewe aliomba macho wazi, ameyakodolea dari, ili Mungu asije akadhani anaongea na masanamu.

La kwanza lilikuwa Cusco, juu milimani, mahali ambapo hata kupumua ni kazi. Ndani kulikuwa na baridi ya jiwe, na dhahabu kutoka sakafuni hadi juu, na mishumaa yenye moshi wa kuumiza koo. Pale juu alining'inia Yesu mweusi tititi. Baadaye nilisikia kwamba ni moshi wa mishumaa uliomfanya vile, lakini siku ile nilipiga kelele, "Mama, ona, Yesu ni Mukongomani!" Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Brazil.

Mama mwenye kulia tulimkuta pembeni, amevaa mahameli meusi, machozi ya kioo mashavuni, mkononi leso ya kweli ya kufutia. Watu walikuwa wamefunga tepe za maombi yao kwenye uzio wa chuma miguuni pake. Katikati ya tepe hizo, nusu ndege wa manjano. Tulikimbia wote wawili! Mama alijaribu kukifungua kile kitambaa kwa kucha, kisha kwa meno, mbele ya mzee aliyekuwa akifagia, ambaye alituangalia akaamua hayamhusu. Fundo halikutikisika. "Huyu mwanaume ni shida," Mama akasema, na mate yamemjaa kidevuni, na anacheka, na analia. Tulikiacha palepale.

Lima hatukukuta kitu. Tulikaa siku nyingi, kila asubuhi tunaingia kanisani kama watu wa kazi ya zamu. Nilimkagua mama mwenye kulia wa Lima hadi nikamchukia. Nikakataa kula. Mkate ulikuwa unanikaa mdomoni kama pamba, na Mama alinibembeleza, akanitisha, akachoka.

Halafu akatokea mzee mmoja wa Bukavu, tuliyemwita Papa kama wazee wote wa kwetu, aliyeondoka São Paulo pamoja na Baba. Alimwita Mama mlangoni, akavua kofia. Mama aliniambia nikatazame njiwa uwanjani. Njiwa niliwatazama muda mrefu sana. Niliporudi yule Papa alikuwa ameondoka na Mama amekaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Amesema nini?"

"Amesema baba yako anatembea muzuri."

Kesho yake Mama alinikalisha nyuma, akasema anakwenda kuuliza choo. Aliporudi akaniambia, "Hebu kaangalie tena, macho ya mutoto iko makali." Nikaenda kwa kuburuta miguu. Weee! Ndege wa manjano, mzima, anang'aa! Nilimwita Mama kwa sauti iliyowageuza waumini wote, lakini hakuja. Alibaki kwenye benchi, nami nikamkasirikia kweli, kwamba furaha kubwa hivi anaiacha nishangilie peke yangu. Nilivuta ncha kwa vidole viwili na fundo likafunguka. Nikajiambia Baba sasa ametuhurumia. Siku ile nilikula mkate mzima.

Quito ikawa vilevile. Dhahabu, moshi, mama mwenye kulia, kitambaa, fundo laini. Nilikifunga mkononi nikatembea nacho kama saa. Baada ya hapo makanisa yakaisha, ukaja msitu, na msitu sisemi.

Tulipofika Louisville nilimvuta Mama hadi kwenye kanisa la zamani la katikati ya mji, nikatazame. Alisimama mlangoni, akakataa kuingia. Ndipo akaniambia kwamba Baba alikufa njiani, basi. Mimi nikajijazia mwenyewe kwamba ni kule msituni. Nimeishi na hilo. Nilijua kwa hakika kwamba baba yangu alifika Quito, kwamba alinitangulia karibu sana, na niliumia kwamba tungekaza mwendo kidogo tungemkuta.

Sasa nilikitandaza kile kitenge kitandani. Upande mmoja ni mfupi. Pindo limepasuliwa kwa mkono, mara mbili, na katika mpasuko wa kwanza ndege mmoja mzima hayupo.

Nilikaa chini. Kisha nikampigia Mama.

"Mama, Lima ulifunga weye?"

Nilisikia televisheni ikizimwa kule Louisville.

"Ulikuwa umekataa kula," akasema. "Siku uliona kile kitambaa, ulikula mukate muzima. Donc, Quito nikafunga tena." Akaongeza, "Basi ya baba yako ilianguka mu milima, walipotoka Cusco."

"Na weye ulikuwa unalia wapi?"

"Ukikimbia kuangalia kitambaa, mimi nilikuwa nabaki ku benchi. Mule hakuna mutu anauliza mwanamuke sababu ya kulia."

Mtoto aliamka, tukakata simu. Miaka yote nilidhani tulikuwa wawili tukimngojea mtu mmoja. Kumbe kutoka Lima Mama alitembea peke yake, amenishika mkono, na mimi nimefurahi.

Nilimweka mtoto mgongoni, nikazungusha kitenge, nikakivuta kifuani. Ni kifupi, kinafika kwa shida. Fundo la Baba sikuwahi kulijua, kwa hiyo nimefunga la Mama, linalofunguka kwa vidole viwili, na nimezunguka chumba kizima nikiwa nimelishika.