Funguo Mbili za Sale ya Mashini

Siku ya kwanza ya kazi walinipa funguo mbili na kaye moja ya kuandika mwenye kuzichukua. Mimi masomo niliachia mwaka wa ine wa primeri, kusoma ni polepole. Ilikuwa kwenye chuo kimoja hapa Goma, nami nilikuwa planton: kufungua milango, kupeleka barua, kutunza funguo. Ufunguo mumoja wa sale ya mashini, chumba cha kompyuta, mwingine wa grupe, ile injini ya kuleta moto kama kura, umeme wa muji, imekatika. Na kwetu inakatika, musiniulize. Nilitoka Katoyi kwa miguu na viatu vya shemeji yangu, mutu wa miguu midogo sana, lakini acha niseme ya kazi.

Asubui moja kura ilikatika. Asistan Josefu, mwalimu musaidizi, akachukua ufunguo wa sale. Mama Furaha, asistan mwenzake, akachukua wa grupe. Nikaandika wote wawili kwa kaye, muzuri kabisa. Sasa kila mumoja alihitaji zote mbili, kufungua sale na kuwasha mashini, na hakuna mwenye alitaka kuachilia wake kabla mwenzake hajaachilia. Wakakaa kwa benchi yangu mpaka saa sita.

"Mama, mimi niko na subira ya ng'ombe wa Masisi."

"Basi kula majani. Mimi nilikuja na mikate."

Wanafunzi wakakosa egzame, mutihani wao wa siku ile. Shefu wa seksio, mukubwa wa idara, akakuja, hakuuliza mengi. Akaniambia: "Planton, kesho usikuje." Nilikuwa na watoto watano.

Ndipo Profesere wa hesabu, muzee wa upande wa Bukavu, akamuomba Shefu angojee kidogo. Kazi yake ilikuwa kuchunguza programu zenye kutembea pamoja ndani ya mashini, zikigombania kitu kimoja. Akatupeleka sisi wote kwa tablo, ubao wa kuandikia. Akachora kare, mraba: chini mwendo wa Josefu, kando mwendo wa Mama Furaha. Njia inaanzia chini kushoto, inapanda mpaka juu kulia, pale kazi ya wote wawili imeisha. Kila ufunguo akauchora kama jiwe la volkano: pale wote wawili wangeushika wakati mumoja, njia haipiti. Utazunguka kushoto ao kulia, ni kusema Mama anatangulia ao Josefu anatangulia. Njia mbili, kama unaweza kuvuta moja mpaka ilale juu ya nyingine, sawa kamba, bila kugonga jiwe, zinahesabiwa kazi moja. Hiyo wanaita topolojia.

Lakini mawe yetu mawili yalikutana, yakafanya kona yenye kufungwa: Josefu na ufunguo wa sale, Mama na wa grupe.

"Saa hairudi nyuma," akasema, kidole kwa ile kona. "Mwenye ameingia hapa, anabakia hapa."

Shefu akauliza mwenye kosa ni nani.

"Shefu, Josefu alifuata sheria. Mama alifuata. Papa huyu aliandika. Sheria yenyewe, ya kuanza na ufunguo wowote, ndiyo iko na kona."

Akachora upya: kila mutu achukue kwanza ufunguo wa sale, kisha wa grupe. Jiwe la grupe likaingia ndani ya lile la sale, kona ikapotea. Nikauliza: nikizifunga kwa kamba moja? Akacheka kidogo, akasema itafaa, ila mwenye anahitaji grupe tu atangojea bure.

Mama Furaha akarudisha wa grupe bila kuambiwa. Shefu akaangalia tablo sana.

"Planton, kesho ukuje kazini saa moja kamili."

Kisha walinihamisha kwa biblioteki, chumba cha vitabu, halafu kwa mulango wa chuo upande wa Munigi, na sasa nimepumzika kazi, magoti yanauma. Ile hesabu sikuijua hata nusu. Nilikuwa chini ya mashefu wengi. Kitu kikiharibika, wanatafuta mutu kwanza. Ule muzee alichora kosa lote kwa tablo, na jina langu halikuwa mule.