Sherehe ya Loisi ya Kufunga Matunzo

Jamani, umewahi kuona wapi mtu anafanya sherehe kwa sababu hela imekatika? Basi ungekuja Ihumwa ujionee. Shoga yangu Loisi alikodi viti, turubai na spika, akaunda kamati, akachagua na sare, yote hiyo kwa sababu binti yake wa pekee, Penina, anatimiza miaka kumi na nane na baba yake anaacha kutoa hela ya matunzo. Wanawake wengine hela hiyo ikikatika wanalia. Huyu aliagiza MC.

"Zaitun!" aliniita siku aliyokuja na wazo lake, kaingia kibandani kwangu hata salamu hamna. "Mwenzio namaliza! Unanisikia? Namaliza! Simsubiri mwanaume tena mimi, si mwisho wa mwezi, si katikati ya mwezi!"

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko kwenye njia ya kwenda reli. Nilikuwa nashona gauni la mtu wa harusi, nikasimamisha mashine. Loisi akifurahi kweli anashindwa kukaa, na siku hiyo alizunguka meza yangu mpaka nikapata kizunguzungu. Nikamwambia hebu tulia kwanza mwanamke, utaniangushia pasi. Wapi! Alikuwa ameshafika kwenye rangi ya vitambaa.

Loisi ni Mgogo wa Buigiri, mama lishe. Ugali wake na mlenda wake wapakiaji mizigo wote wa huku wanaujua, na wanajua pia kwamba mdomo wake hauna breki. Ukimwambia mlenda leo una chumvi nyingi, anakurudishia hela yako na kukunyang'anya sahani. Lakini mtu akiugua mtaa huu, yeye ndiye wa kwanza kufika na uji. Ndivyo alivyo, moto juu na moto chini, na mimi nimempenda hivyo hivyo tangu tulipokuwa wapangaji wa nyumba moja.

Alipoachana na mumewe, Eliakimu, Penina alikuwa bado anatambaa. Mwanaume alihamia Chemba kwenye biashara ya mbuzi, akaoa huko huko, kimya. Loisi hakulia hadharani. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda ofisi ya ustawi wa jamii, mwanaume akaitwa, wakaandikishana kwamba atatoa matunzo kila mwisho wa mwezi mpaka mtoto atimize miaka kumi na nane. Sasa siku ya kwanza tu ya kukabidhiana, walitukanana pale nje mpaka mgambo akaja kuwatenganisha. Yule afisa alichoka nao. Akawauliza kama kuna jirani wanayemwamini wote wawili, wakanitaja mimi. Loisi kwa sababu ni shoga yangu, na Eliakimu kwa sababu marehemu mume wangu ndiye aliyemfundisha kununua mbuzi minadani.

Basi nikawa bomba. Hela inatoka kwa Eliakimu, inapita kwangu, inafika kwa Loisi, na wao wawili hawaonani. Nyumbani kwa Loisi yule bwana hakukanyaga hata mara moja, maana Loisi alishaapa kwamba siku akikanyaga atamwagia maji ya ugali. Na angemwagia kweli.

Ila kuna jambo nililiona, nikalinyamazia. Watu walipoanza kutumiana hela kwa simu, Eliakimu hakutuma. Aliendelea kuja mwenyewe, vumbi lote la Chemba mwilini, anakaa kwenye benchi langu, anaagiza chai. Na Penina naye, akiwa shule ya msingi, akiwa sekondari, mwisho wa mwezi hakupitia kwingine. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Masomo vipi?" "Mazuri." Kisha wote wawili wanatazama mashine yangu inavyoshona, hakuna anayejua aseme nini. Chai ikiisha, baba anaondoka. Ubaba wenyewe ulikuwa huo. Loisi alijua, akajifanya hajui.

Sasa Loisi anaruka ruka na sherehe yake, huyu mtoto akaja kwangu jioni moja, unga bado uko kwenye mikono. Siku hizi anaoka keki za kuuza, na mkono wake mzuri kweli. Akakaa kwenye benchi.

"Mamkubwa, sasa baba atakuja kufanya nini?"

"Kuja wapi?"

"Hapa. Alikuwa anakuja kuleta hela. Hela ikiisha, anakuja kufanya nini?"

Nilisimamisha mashine. Nikamuuliza kwa nini hamwambii mama yake. Akasema, "Mama amenilea peke yake, mamkubwa. Nikimwambia namtaka na baba, ataona simshukuru." Wallahi nilipandwa na hasira. Nilimkasirikia Eliakimu, nikamkasirikia Loisi, nikajikasirikia na mimi niliyekaa katikati yao miaka yote nikipokea na kutoa. Nikamwambia Penina aende akaoke keki yake, mengine aniachie mimi, ingawa sikuwa na la kufanya.

Kamati ilikuwa inakaa uani kwa Loisi, Jumapili wakitoka kanisani. Mwenyekiti mimi, Mwislamu peke yangu, na hakuna aliyenishinda kelele. Katibu alikuwa Yotham, kaka yake Loisi. Loisi aliweka sheria moja tu, na aliitangaza amesimama juu ya kigoda, kwa sababu ndugu zake wa Buigiri wanajulikana kwa kula sherehe bila kuchangia. "Aliyechanga ana kadi! Asiyechanga hana kadi, awe mjomba, awe mchungaji! Na aliyechanga asizuiwe mlangoni na mtu yeyote!" Tukapiga makofi, Yotham akaandika.

Mwisho wa mwezi ukafika, ule wa mwisho kabisa. Eliakimu akaja. Akanikabidhi hela ya matunzo kama kawaida, lakini hakukaa. Alitoka nje akarudi anavuta beberu mweupe, mkubwa, ana ndevu utafikiri diwani.

"Shemeji," akaniambia, "nasikia kuna kamati. Huyu ni mchango wangu. Mchome ndafu."

Nilimtazama yeye, nikamtazama beberu. "Umeambiwa na nani habari ya kamati?"

"Penina." Akavua kofia, akaishika. "Sijaambiwa nije, shemeji. Nimeambiwa tu kwamba ipo."

Kumbe! Hapo hapo nikavuta droo, nikatoa kadi, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa. Eliakimu akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaondoka haraka kabla sijabadili mawazo. Beberu nikamfunga kwenye mguu wa meza. Nilipogeuka tu, alikuwa ameshatafuna kona ya sare ya mwenyekiti, yaani mimi.

Loisi alipomkuta yule beberu, nilimweleza kila kitu bila kuficha. We! Watu wa kibanda cha pili walitoka nje.

"Zaitun, unanikomoa? Sherehe ya kumaliza na huyu mtu, wewe unampa kadi ya sherehe?"

"Kachanga."

"Mrudishie mbuzi wake!"

"Tangu lini kamati inarudisha mchango? Sheria umeitangaza wewe, tena juu ya kigoda. Au umesahau?"

"Nilikuwa nawasema ndugu zangu!"

"Hukusema ndugu zako. Ulisema aliyechanga."

Akaniita msaliti. Nikamwita kichwa mbuyu. Aliondoka akasonya, barabara nzima ikasikia. Lakini mwizi au tapeli unaweza kumwita Loisi asijali, mtu wa kula maneno yake usimwite, na aliwatangazia watu wote. Jioni akamtuma Yotham kwangu na masharti: Eliakimu aje, ila akae nyuma kabisa. Asipewe kipaza sauti. Na keki asilishwe.

Hilo la keki ndilo lililoniuma, kwa sababu kwetu mtoto akikata keki anawalisha wazazi wake mbele ya watu wote, na hapo ndipo wazazi wanapojulikana. Penina aliambiwa masharti hayo akiwa anapiga krimu. Aliendelea kupiga krimu mpaka ikakatika, akalazimika kuanza upya.

Siku ya sherehe, jamani, Ihumwa haikulala! Shangazi zake Loisi walikuja kutoka Buigiri na ngoma zao za muheme, akina mama watu wazima, wakazibana mapajani na kuzipiga mpaka kuku wa jirani wakahama. Loisi alivaa kitenge cha machungwa nilichomshonea mwenyewe, mabega juu, kiuno kimebana, akaingia anacheza tangu getini. Vigelegele! Wapakiaji mizigo walikuja na mashati yaliyopigwa pasi, sikuwatambua. Hata mimi mwenye sare iliyotafunwa kona nilicheza mpaka kiatu kikakatika kamba. Yule beberu, sasa ndafu aliyechomwa mzima, aliletwa akiwa na majani mdomoni, watu wakamshangilia kuliko mgeni rasmi.

Eliakimu alikaa nyuma kabisa, karibu na jenereta, kadi bado iko kwenye mfuko wa shati. Aliitikia salamu za watu, akanywa soda yake taratibu. Loisi hakugeuza shingo upande ule hata kidogo, na mimi najua inavyochosha shingo kufanya vile.

Ikafika keki. Sasa MC wetu, Kefa, alikuwa ameelezwa na Yotham masharti yote, tena mara mbili. Lakini MC ni MC. Mdomo wake umeshazoea harusi na kipaimara, ukishapata mwendo unakwenda wenyewe. "Na sasa," akapaza sauti, "kabla kisu hakijagusa keki, naomba wazazi wote wawili wa binti yetu wapite hapa mbele! Baba na mama! Makofi tafadhali!"

Makofi yakaanza, yakafia njiani. Ngoma zikanyamaza. Kefa akakumbuka, nikaona jasho linamtoka. Loisi alikuwa amesimama kwenye keki, uso umekaza. Penina ameshika kisu, anatazama kitambaa cha meza.

Eliakimu akainuka. Nilisema moyoni, Mungu wangu, leo maji ya ugali yatapatikana. Alitembea katikati ya viti, lakini hakufika kwenye keki. Alisimama mbali kidogo, kama mtu aliyefika kwenye uzio wa nyumba ya watu. Kefa kwa kuchanganyikiwa akampa kipaza sauti.

"Mama Penina," Eliakimu akasema, na sauti yake ilitoka kwenye spika zote, "mimi si msemaji. Miaka yote nilikuja kwa sababu ofisi iliniambia nije. Ndivyo nilivyojiambia. Sasa hakuna anayeniambia. Nyumbani Chemba nimeshindwa kulala, kwa sababu mwisho wa mwezi ujao sina sababu ya kuja." Akavua kofia yake. "Nakuomba mbele ya watu hawa. Naomba ruhusa ya kumwona mtoto, bila hela, bila ofisi."

Mimi nilikuwa nimemshika Yotham mkono nikimminya bila kujua. Loisi alinyoosha mkono akachukua kipaza sauti.

"Eliakimu," akasema, "unaniomba mimi? Mimi nimemaliza! Sasa hii sherehe unadhani ni ya nini? Zamani ungeniomba mimi, na ningekukatalia, tena ningekukatalia vizuri. Leo huyu ni mtu mzima. Muombe mwenyewe!" Akamsukumia Penina kipaza sauti, akakaa chini kwa kishindo mpaka kiti cha kukodi kikalia.

Penina aliweka kisu mezani. Akamgeukia baba yake.

"Baba, mimi kila mwisho wa mwezi nilikuwa nakukimbilia kwa mamkubwa," akasema. "Sijawahi kukusubiri nyumbani kwetu. Nataka nikusubiri nyumbani. Njoo kesho, ule chakula. Mama, nisamehe, lakini namtaka na yeye."

Loo! Shangazi mmoja wa Buigiri alipiga muheme kabla ya mwingine yeyote, halafu zote zikaripuka, vigelegele, mluzi, watu wamepanda juu ya viti. Eliakimu alijifunika uso kwa kofia yake. Mimi nililia, wanja ukanishuka mashavuni, na sikujali. Penina akakata keki, na kipande cha kwanza akampelekea mama yake pale pale alipokaa, akapiga magoti, akamwambia asante mama. Kisha akachukua cha pili akaenda nacho kwa baba yake, na hakuna mjumbe wa kamati aliyemzuia.

Nilimwendea Loisi nikamkumbatia kwa nyuma. Alikuwa anatafuna keki huku machozi yanamtiririka, anawatazama wale wawili, na kwa mara ya kwanza siku ile shingo ilikuwa imegeuka.

"Kesho!" akaniambia kwa hasira, mdomo umejaa. "Kasema kesho, Zaitun, na mimi nyumbani sina hata vikombe vinavyofanana!"