Kila Upande Uguse Yai

Mpira wa yai ulituingia kijiweni kwa sababu ya umaskini. Mama wa chai, anayepika jirani na kijiwe chetu cha bajaji hapa Buhongwa, ana televisheni ukutani na king'amuzi, na kifurushi anacholipia ni kile cha chini kabisa. Kifurushi hicho hakina mpira wa miguu wa maana. Kina mahubiri, kina tamthilia za kutafsiriwa, na kina chaneli moja ya michezo ambayo kila Jumatatu asubuhi inaonyesha marudio ya mpira wa Wamarekani, wale wanaovaa kofia ngumu kama wanaingia mgodini, halafu wanaumizana kwa ajili ya mpira wenye sura ya yai.

Mwanzoni tulicheka. Baadaye tukaanza kuulizana maswali. Wanaume mkikaa mnasubiri abiria tangu alfajiri, hata mbuzi wawili wakipigana mtachagua upande.

Mimi nikawa mkalimani. Nilisoma mpaka kidato cha pili, mtihani ukanikataa na mimi nikaukataa, tukaachana kwa amani. Lakini kijiweni kwetu kidato cha pili ni digrii. Mtangazaji anaongea Kiingereza cha puani, mimi nadaka neno moja hapa na jingine pale, katikati najazia mwenyewe. Ndivyo kijiwe kilivyopata lugha yake. Kufunga tukakuita kutaga, maana yai limetua. Nguzo zao zinafanana na manati, tukaziita manati. Refa wao akiona kosa anatupa kitambaa cha njano chini, basi na kwetu mtu akiruka foleni au akimjibu mama wa chai vibaya, utasikia sauti kutoka nyuma ya kikombe: "Leso imedondoka."

Sasa kuna siku mechi ikaisha sare, mtangazaji akasema ovataimu. Kijiwe kizima kikanigeukia.

"Hiyo ovataimu wanalipwa kwa saa au kwa siku?" Mkerewe akauliza.

Huyu Mkerewe ni dereva mwenzangu, mnene, mpole, kazaliwa visiwani Ukerewe. Tunapingana kwa kila kitu, kuanzia siasa mpaka chumvi ya supu.

"Siyo ovataimu ya kiwandani," nikamwambia. "Ni muda wa nyongeza. Wanarusha shilingi, anayeshinda anaanza na yai. Zamani akitaga tu, mechi imekwisha. Mwenzake hajagusa kitu."

"Hajagusa kabisa?"

"Anavua kofia anaenda kuoga."

"Na sasa hivi?"

"Siku hizi wamebadilisha. Wa kwanza hata akitaga, wa pili naye anapewa yai ajaribu."

Mkerewe akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia habari njema kutoka kwao. "Basi wamepata akili. Kila upande uguse yai, ndipo tujue nani mwanamume."

"Wameharibu mchezo," nikasema. "Aliyewahi kawahi. Hapa kijiweni bajaji ya mbele ikipakia abiria, tunamshusha ili na ya pili imguse?"

Watu wakacheka, nikaona nimeshinda. Mkerewe hakucheka. "Abiria siyo yai, kaka. Halafu shilingi ikikuangukia wewe, hapo umefanya kazi gani?"

Ubishi huo ulitumaliza msimu mzima. Kila Jumatatu tulianzia pale tulipoishia, chai ikapoa, maandazi yakageuka mawe. Ukweli ni kwamba nilikuwa naitetea foleni yangu. Siku hizo nilikuwa nawahi kuliko wote, nafika giza halijaondoka, najipanga wa kwanza. Na foleni yetu haikuwa na huruma: ukisinzia unapitwa. Mkerewe ana usingizi wa kuku, akishiba tu anaanguka kwenye usukani, na mimi nilikuwa nampita nikiimba.

Msimu wao ukaisha. Mtangazaji akasema timu ziko ofu, nikatafsiri bila shida, maana ofu hata kwetu ni ofu, siku ya kupumzika. Nikadhani tumepata nafuu. Kumbe wale watu wakiwa ofu ndipo maneno yanapozidi. Nani anunuliwe, nani aachwe. Nikawaelezea kwamba kule timu iliyoshika mkia ndiyo inatangulia kuchagua wachezaji wachanga.

"Yaani ukifeli unapewa zawadi?" Mkerewe akauliza.

"Ndivyo."

"Wewe ungezaliwa huko, saa hizi ungekuwa profesa."

Hapo hata mama wa chai aliacha kukanda unga.

Timu yangu, Kofia Nyeupe, ilikuwa na mrushaji mzee. Mrushaji ndiye anayelipokea yai na kuwarushia wenzake, na huyu wa kwetu mkono ulikuwa umechoka, magoti yamechoka, alikuwa anaangushwa kila wiki kama mgomba. Swali likawa: abaki au aachwe? Mkerewe akasema abaki, mtu kawabeba miaka. Mimi nikasimama kabisa. Nilikuwa na supu tumboni na hadhira mbele.

"Timu siyo msiba," nikasema. "Hatukai kuoneana huruma. Mzee apigiwe makofi, aende nyumbani, nafasi yake iingie damu mpya."

Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa pembeni anakunywa uji. Si mtu wa maneno mengi. Alitikisa kichwa kunikubali, nami nikafurahi kwamba hoja yangu imefika kwenye uongozi. Ilikuwa imefika kweli.

Sasa niwaambie habari za mgongo wangu, ingawa mke wangu anasema nikianza habari hiyo wageni wanakumbuka kuaga. Bajaji yangu ilikuwa kuukuu. Kiti kilikuwa kimebaki ubao uliovaa ngozi, na ninyi mnaijua milima ya Mwanza, barabara za juu kule ni mawe yaliyokubaliana kukaa karibu. Kila jioni nilishuka nikiwa nimepinda kama mpini wa jembe la zamani, mke wangu akinichua dawa mpaka mikono yake ikachoka, na asubuhi naanza tena. Bajaji nayo ilikuwa na mgongo wake. Siku tatu njiani, siku mbili kwa fundi kule Igoma. Nilikuwa nacheka nayo, naiuliza nani kati yetu atatangulia kaburini. Lakini kuna uchovu ambao haulaliki. Unalala nao, unaamka nao, unavaa nao shati.

Zahanati wakaniambia nipumzike wiki nzima. Nikamwambia mwenyekiti kwa simu kwamba niko ofu. Akasema pole, pumzika vizuri.

Niliporudi, Jumatatu, nikakuta bajaji mpya kwenye nafasi yangu, inang'aa, nailoni za dukani bado ziko kwenye viti. Dereva alikuwa dada mmoja, mwembamba, kajifunga kitenge juu ya suruali. Akaniona, akashuka haraka.

"Shikamoo," akasema.

Nimeendesha bajaji miaka mingi pale, hakuna dereva mwenzangu aliyewahi kuniamkia hivyo. Madereva wanasema mambo, wanasema vipi. Shikamoo ni ya mzee anayepandishwa, siyo ya mzee anayeendesha. Mgongo haukuwahi kuniuma vile.

"Marahaba," nikajibu. Ningejibu nini?

Mwenyekiti akanisogelea akiwa na kikombe chake. Kijiwe chetu kina nafasi za kuhesabika, na wasimamizi wa eneo hawaruhusu kuongeza hata moja. Bila nafasi huwezi kupakia pale, wala kijiwe cha jirani hakitakupokea, nacho kimejaa. Unabaki kuzunguka na bajaji kama mtu aliyepoteza mbuzi. Nina watoto wawili wanaosoma, na mimi ndiye niliyewaahidi kwamba wao kidato cha pili watakipita.

"Tulikaa kikao," mwenyekiti akasema. "Gari lako linalala kwa fundi kuliko barabarani. Wewe mwenyewe mgongo. Abiria wanaikimbia foleni yetu. Huyu dada ana chombo kipya na ameomba nafasi siku nyingi."

"Mkakaa mimi nikiwa ofu."

"Si ndiyo wakati wake? Wewe ndiye uliyetufundisha." Halafu akasema taratibu, bila ubaya, kama mtu anayesoma tangazo: "Timu siyo msiba."

 Maneno yangu mwenyewe, na yalikuwa yananitosha vizuri kuliko shati.

"Basi nipigieni makofi," nikasema. Kuna mmoja, nadhani hakuelewa, akapiga.

Nitasema jambo moja hapa na msinicheke. Kwa muda mfupi nilifurahi. Nilijiona nimelala kitandani mpaka jua linapanda, hakuna mawe, hakuna kugombana na gia. Kisha nikakumbuka kwamba kupumzika bila kazi hakuitwi ofu.

Nikageuka niondoke, ndipo nikasikia sauti nzito kutoka kwenye benchi la mama wa chai.

"Leso imedondoka."

Mkerewe alikuwa amesimama, chapati mkononi. Kwa mwili wake, kusimama ni uamuzi.

"Kikao kimekaa mwenye nafasi hayupo," akasema. "Hajasema neno. Hajagusa yai."

"Yeye mwenyewe haitaki sheria hiyo," mwenyekiti akajibu. "Msimu mzima anatupigia kelele, aliyewahi kawahi."

"Ndiyo. Na msimu mzima namwambia amekosea. Mimi siombi mumhurumie, mwenyekiti. Naomba ashindwe huu ubishi." Akanigeukia. "Haya, mkalimani. Sheria ipi ina haki, ya zamani au ya siku hizi?"

Mjue kwamba sijawahi kumkubalia mtu huyu hata chumvi. Nikaangalia barabara ya Shinyanga, malori yanapita. Nikaangalia ile bajaji mpya na nailoni zake.

"Ya siku hizi," nikasema.

"Inasemaje?"

"Kila upande uguse yai."

"Mama wa chai hajasikia."

"Nimesikia," akasema mama wa chai, "lakini arudie, ni tamu."

Nikarudia. Wakati huo kijiwe kilicheka chote, hata mwenyekiti uji ulimpalia, na mimi nikacheka nao, maana ukichekwa usipocheka unabaki peke yako.

Nikapewa nafasi ya kusema. Sikuwa na hotuba. Nikasema mgongo ni wa kweli, bajaji yangu ni maiti, lakini nikiondoka hapa sina pa kwenda. Nikakaa.

Yule dada akakohoa. "Mimi sikuja kumtoa mzee," akasema. "Nina mtoto mchanga. Saa sita narudi nyumbani kunyonyesha, na sirudi tena barabarani. Chombo kinashinda kimepaki mpaka usiku. Kama anaweza, achukue mchana, awe deiwaka wangu."

Deiwaka ni yule anayemshikia mwenye chombo, akichoka au akiwa na dharura. Ni kazi ya wanaoanza. Mimi nilikuwepo kijiwe hicho kikianzishwa, nilichimba shimo la nguzo ya banda kwa mikono hii. Mwenyekiti akaniangalia kuona kama nitakataa, na nadhani alikuwa anatamani nisikatae.

"Kiti chake kikoje?" nikauliza.

"Kina sponji," dada akasema.

Ndivyo tulivyokubaliana. Nafasi moja, chombo kimoja, madereva wawili. Ile yangu nikamwachia fundi wa Igoma aichinje vipuri. Aliifungua injini akaguna, akaniuliza nilikuwa naiendesha au naisukuma.

Siku ya kwanza dada aliingia na bajaji saa sita, akanipa funguo kwa mikono miwili.

"Shikamoo. Breki ya nyuma inashika kidogo."

"Marahaba. Lakini usiniamkie mbele ya abiria, wataogopa kupanda."

Akacheka, akaenda kwa mtoto wake. Sheria yetu ni kwamba chombo kikibadilisha dereva kinaanzia mkia, basi nikajipanga wa mwisho. Mbele yangu bajaji sita. Muda si mrefu Mkerewe akarudi kutoka kushusha mtu, akajipanga nyuma yangu, akapiga honi fupi ya salamu. Jua lilikuwa kali, upepo wa ziwa haufiki kule kwetu, kiti kilikuwa na sponji kweli. Nikaegemea kidogo tu, kuupima mgongo.

Nilishtuliwa na mtu anagonga bodi. Nikafungua macho. Mbele yangu hapakuwa na bajaji hata moja, foleni yote ilikuwa imeondoka, na kando yangu alikuwa amesimama Mkerewe akipumua, chombo chake bado nyuma yangu. Hakunipita. Pembeni yake kulikuwa na mama mmoja amebeba ndoo ya dagaa, anatushangaa.

"Mzee," Mkerewe akasema, "yai lako hilo."

Nikajifuta usingizi machoni. Nikamuuliza yule mama anaenda wapi. Akasema anaenda pale tu, kwenye mawe, karibu kiasi kwamba angetembea angefika kabla sijawasha.

Nikawasha.