Maswali ya Kusindikizana

Miaka ile maduka ya Musoma yalipoanza kujaa tena sukari na sabuni, huku watu wakipunguzwa makazini, nilipata kibarua cha utafiti. Wasomi walitaka kupima huzuni. Nilicheka: huzuni inapimwa kwa kibaba? Lakini nilitaka sana kujua wataipimaje, nikachukua fomu zenye maswali ishirini ya ndiyo na hapana. Mwenye ndiyo nane au zaidi angeandikiwa kuonana na daktari.

Mtaa wa Kigera mzima, hapana tupu. Kwa fomu zangu, duniani hapakuwa na watu wenye raha kama sisi.

Mtaa wa pili, Makoko, mama mmoja ambaye mumewe alikuwa amepunguzwa kiwandani alinikaribisha kwa ugali na sangara. Nikaanza kumsomea fomu: unakosa usingizi?

"Hapana. Nalalaga vizuri tu, mwanangu."

Yote ishirini, hapana. Nikafunga fomu, akajitanda kanga, akanisindikiza. Tulipoupita ua wa jirani akasema bila kuniangalia, "Tangu mzee aachishwe, silalagi. Asubuhi naendaga ziwani na ndoo, nasimama tu. Juzi maji yalinifika kifuani."

Niliogopa. Tena, nakiri, nilishikwa na udadisi mpaka nikaona aibu. Mbona ndani hakusema? Mimi mtoto wa huku nilipaswa kujua: mgeni aliyeketi hupewa chakula na habari njema. Ya moyoni husemwa njiani, macho yakiwa mbele. Nyumba njema si mlango, na mimi wiki nzima nilikuwa nimepima milango. Nikamrudisha mwenyewe mpaka kwake, nikamweleza mumewe asimwache peke yake.

Nilipotaka kubadilisha majibu yake, msimamizi wetu alikataa. "Jibu ni lile lililo kwenye fomu."

Nikamuuliza kwa hasira, ni wapi palipoandikwa kwamba fomu lazima ijibiwe kwenye kiti? Akanipa fomu mpya.

Kesho yake nilirudi Makoko, nikala haraka, nikaaga. Nilimuuliza yote ishirini tukitembea, fomu nimeiegemeza kwenye mkono. Ndiyo zilifika kumi na nne. Akakubali kwenda kwa daktari Jumatatu, na mumewe.

Tulipofika njia panda, mahali pa kuagana, akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, unalalaga?"

"Nalalaga vizuri tu, mama."

Akafunga kanga yake upya. "Haya, nikusindikize mpaka barabara kubwa."